Kamera Iliyopotea Saa Kumi

Kila siku Kiranja alirudi kutoka shule saa tisa na nusu, akamwamkia mzee wa getini, kisha akaingia kwenye nyumba isiyo na mtu. Jina hilo alilipata shuleni, kwani alikuwa kiranja wa usafi wa darasa la sita. Hapakuwa na kola chafu wala kucha ndefu iliyompita. Nyumbani nako wakalishika, maana hata huko hakuacha kuwakagua watu.

Mzee wa getini aliitwa Filimbi, kwa ile filimbi aliyoivaa shingoni. Alianza kuilinda nyumba hiyo Kiranja akiwa bado anatambaa. Pampu ya maji ilipoibwa uani, baba alinunua kamera ya ulinzi akaifunga juu ya geti, ili awe analiona kwenye simu akiwa kazini. Lakini wiki ya kwanza haijaisha, kamera ikaanza vituko. Kila siku ya kazi, saa kumi jioni, picha ilipotea, na baada ya nusu saa ikarudi yenyewe.

Ijumaa moja baba alirudi mapema, amefura. Hakungoja hata kuingia ndani. Alisimama pale getini, majirani wakipita, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia.

"Mzee, unaichomoa kamera ili ulale, au kuna watu unawafungulia? Na ile pampu ilitokaje?"

Mzee Filimbi alivua kofia. "Mimi, Baba Kiranja? Miaka kumi na moja niko hapa."

"Kesho fundi anakuja. Akithibitisha, utafute kazi pengine."

Kiranja alisikia yote akiwa dirishani, damu ikamchemka. Haki gani hiyo, mtu mzima kuitwa mwizi barabarani bila ushahidi? Jioni hiyo mezani aliisukuma sahani kando.

"Baba, umemsingizia babu wa watu," alisema. "Shuleni ukimshtaki mwenzako bila ushahidi, mwalimu anakuadhibu wewe."

"Kula," alisema baba.

"Mwache aseme," alisema mama. "Hata mimi sikupenda."

Jumamosi asubuhi fundi alifika. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka, na baba alianza kumweleza habari za mlinzi kabla hajashusha mkoba wake. Fundi alipanda ngazi, akaikagua kamera na waya wake, kisha akashuka akibonyezabonyeza simu.

"Kamera yako haina kosa," alisema. "Kumbukumbu zake zinaonyesha haijazimwa hata siku moja. Ilikuwa inaona vizuri, ila haikuwa na mtandao wa kukupelekea picha. Ruta iko wapi?"

Wakampeleka sebuleni, kwenye kile kikasha cheupe kinachogawa mtandao nyumba nzima. Kilikuwa juu ya kabati, na plagi yake ilikuwa kwenye soketi ya pekee ya ukuta ule. Fundi alisoma kumbukumbu zake pia, akatikisa kichwa.

"Hii ndiyo inayozimika. Kila siku ya kazi, saa kumi. Umeme haukukatika, maana kamera iliendelea kuwaka. Kuna mtu anaichomoa, halafu anairudisha."

"Nilisema mimi," alidakia baba. "Ana ufunguo wa mlango wa jikoni. Mwiteni."

Mzee Filimbi akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Kiranja alifungua mdomo kumtetea tena, macho yake yakaangukia ile soketi, na mdomo ukabaki wazi. Hapo ndipo alipokuwa akichomeka pasi. Kila siku alichomoa plagi iliyokuwepo, akanyoosha sare yake ya shule, kisha akairudisha. Hakuwahi kujiuliza ni ya nini. Na alifanya hivyo kwa siri, kwa kuwa mama alimkataza kugusa pasi peke yake tangu alipounguza pazia.

Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, mzee ataondoka leo hii na yeye atabaki kuwa mtoto mwema aliyemtetea. Wazo hilo lilimchukiza hata akajichukia mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nachomeka pasi. Sikujua ni ruta. Babu hajaingia humu hata mara moja."

Mama alimtazama kwa jicho kali. Baba akakohoa, akajikuna shingo.

"Basi, mzee. Yamekwisha. Rudi kazini."

"Hayajaisha," alisema Mzee Filimbi, na sasa hasira aliyoimeza tangu jana ilimtoka. "Mwanao amekiri mbele ya watu wote, ingawa anajua mama yake atamwadhibu. Wewe ulinichafua getini, halafu unataka kunisafisha sebuleni?"

Fundi alijifanya anafunga mkoba. Baba akatoka nje. Wakamfuata hadi getini, ambako majirani wawili walikuwa wanazungumza.

"Mzee huyu hana kosa," alisema baba. "Nilimsingizia. Naomba anisamehe."

"Ongeza sauti," alisema Mzee Filimbi. "Jana hukuninong'oneza."

Baba akarudia, safari hii kwa sauti ya jana. Mzee akampa mkono, kisha akamgeukia Kiranja, aliyekuwa analia.

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Ulikasirika kwa ajili yangu, nami nakushukuru. Lakini wewe na baba yako mmefanya kosa moja. Kila mmoja alimkagua mwenzake, hakuna aliyejikagua. Ukiona kitu kimeharibika, mjukuu wangu, jiulize kwanza mkono wako mwenyewe ulikuwa wapi."