Tundu la Sanduku la Besi

Sanduku lilikuwa na joto mgongoni. Si joto la jua, maana lilitoka kwenye stoo ya giza. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Mpiga besi alilihisi alipolikumbatia kulitoa kwa mjane wa mwenzake, akajiambia ni jasho lake mwenyewe.

Alikuwa na ampli mpya ya kukuza sauti ya gitaa lake, nguvu zake za kubomoa ukuta, lakini sanduku moja la spika halikutosha kuzitoa zote. Dada yake, fundi wa ampli, alikuwa amemweleza mpaka mdomo ukamkauka.

"Sanduku lako lina ukinzani wa om nane. Tafuta jingine la om nane, uyaunganishe sambamba, ukinzani ukatike nusu, ampli ipate om nne. Hapo itakohoa yote. Ukishuka chini ya nne unaiunguza. Umesikia, au nikuimbie?"

"Nimesikia, dada."

"Hujasikia wewe. Nakujua."

Mjane wa mpiga besi mwenzake ndiye aliyekuwa nalo. Tundu la mbele, lile ambalo besi hupumulia, lilikuwa limezibwa kwa shuka jeupe lililofungwa mafundo mafundo. "Lichukue," mjane alisema, macho pembeni. "Ila shuka hilo usilitoe."

Haya, mwambie mpiga besi asizibue tundu! Sanduku lililozibwa hutoa besi ya mtu mwenye mafua. Alifika nyumbani, akaliunganisha, akapiga noti moja, akakunja uso, akachomoa shuka mpaka mafundo yakafunguka, akalitupa uvunguni mwa kitanda. Maneno ya mjane hakumwambia mtu. Besi ikajaa chumba mpaka vikombe vikacheza kabatini.

Mkewe, mwimbaji wa bendi yao, alipiga makofi mlangoni. "Kiazi wangu! Leo umepata!"

Kiazi lilikuwa jina la chumbani. Mbele za watu alikuwa mume wangu, wakiwa wawili alikuwa Kiazi, na yeye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi. Sauti hiyo alianza kuipenda kabla hajaiona sura ya mwenyewe. Aliisikia ikitokea nyuma ya ukuta, kwenye mazoezi ya bendi nyingine, akasahau kilichompeleka pale.

Siku hiyo walifanya mazoezi hadi jioni, na tunduni mlitoka harufu ya nywele mbichi zilizokaa bila kukauka. Kesho yake mke aliamka koo linamkwaruza. Baadaye ikawa kunong'ona, kisha hata kunong'ona kukakatika. Daktari alimulika koo akasema ni zima kabisa. Mke akawa anakaa kimya kwenye kochi, akimwangalia mumewe kama mtu anayemsoma mgeni.

Mchana mmoja, ampli imezimwa, waya umechomolewa, sanduku likaanza kuimba kwa chini chini. Ulikuwa wimbo wa mkewe. Mpiga besi alikimbia kumwita dada yake na viatu akavisahau.

Fundi alikuja na mita yake ya sindano. Akaigusisha kwenye matundu ya kuchomekea waya ya sanduku la mjane. "Sanduku la om nane likiwa zima husoma kama sita kwenye mita, na sindano hutulia," alisema. Sindano ilifika sita. Haikutulia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda, taratibu, kama kifua cha mtu.

"Mungu wangu," fundi alinong'ona. "Kuna kitu kinaisukuma spika kutoka ndani."

"Dada, tuondoke."

"Na wifi yangu je? Ngoja. Spika ikisukumwa inageuka kuwa maikrofoni. Tuisikilize."

Akachukua waya wa sanduku la mjane, akauchomeka pale pa kuingizia gitaa, akaunganisha sanduku la zamani la kaka yake pale pa kutolea sauti, akafungua ampli kidogo sana, na chumba kizima kikajaa pumzi, pumzi nzito iliyolowa, na harufu ya zile nywele ikapanda mpaka ikawakaa kooni, na ndani ya pumzi ile, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chini ya kisima, ikaja sauti ya mkewe, ile ile, ikilia.

"Kiazi. Kiazi, nitoe. Usizibe."

Mpiga besi alipiga magoti. Mkewe alikuwa nyuma yake, kwenye kochi, mdomo umefungwa.

"Linaigiza!" fundi alikemea kwa sauti ya chini. "Limemwibia sauti, sasa linakuchezea! Hapa palizibwa na nini?"

Kabla hajajibu, mkewe alikwishainuka. Alienda chumbani, akarudi na lile shuka, mafundo yake yote yakiwa yamefungwa upya, akamkabidhi mumewe kwa mikono miwili.

"Kiazi, tafadhali," sanduku lilisema.

Akaziba. Alilia, lakini aliziba, akasukuma mpaka shuka likakaza. Ampli ikanyamaza, harufu ikakatika, na nyuma yao mwanamke akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante, mume wangu," alisema. "Ahsante, wifi." Sauti safi kabisa! Walikumbatiana wote watatu, fundi akicheka na kujifuta machozi.

Mke akaimba jukwaani kuliko alivyowahi kuimba. Watu walisimama. Lakini nyumbani, mlango ukifungwa, alimwita mume wangu, mume wangu tu. Mpiga besi alivumilia, mwisho akauliza wakiwa mezani, akijilazimisha kutabasamu: "Mbona siku hizi huniiti lile jina letu?"

"Jina gani?"

Aliacha chakula. Alienda walikoliweka sanduku, mita ya dada yake ikiwa bado juu yake, akaigusisha kwenye matundu ya waya. Sindano ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, harakaharaka, kwa vituo vifupi, kama kifua cha mtu aliyelia mpaka amechoka.

Akashika ncha ya shuka.

"Mume wangu," sauti nzuri ilisema mlangoni, kwa upole. "Si mjane alikwambia usilitoe?"