Mama Wadogo Wasiokuwepo

Inès hakuwa na baba mjini Toronto. Hakuwa na kaka wala dada, hakuwa na chumba chake mwenyewe katika ghorofa lao la St. James Town, wala hakuwa na mtu wa kumfungulia mlango atokapo shule. Maneno tu ndiyo hakuyakosa. Akiwa na miaka kumi na miwili, alisema Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili.

Kila alasiri alipitia hospitali kumwona bibi yake, Godelive, aliyepasuliwa mguu kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Mama yake, Jolie, alishinda kazini, akihudumia wakongwe katika nyumba ya wazee.

Siku moja muuguzi Naqiya aliwaambia, "Kesho Bibi anaweza kurudi nyumbani. Lakini mchana atakaa na nani? Nani atamsafisha kidonda? Kama hakuna mtu, atasubiri hapa mpaka tumpatie muuguzi wa kumfuata nyumbani. Ngoja nimpigie mkalimani simu."

Inès alipomweleza Bibi, asiyejua Kiingereza, Bibi alikunja uso. "Mtu nisiyemjua asikie shida za nyumba yangu? Na huyo muuguzi akija, watu watasema Jolie amenitupa kwa wageni. Mwambie nina watoto tele."

"Si ndio sisi hapa?" akasema mmoja wa akina mama wa kanisa waliokuja kumwona na kukizunguka kitanda. Wenzake wakacheka na kukubali.

Inès akasita. Alijua kwamba mchana nyumba yao ilikuwa tupu. Lakini alitamani mno Bibi arudi.

"Mama zangu wadogo wawili wanakaa kwetu," alimwambia Naqiya. "Hawaendi kazini."

Naqiya akawatazama wale wanawake, akaridhika.

"Hawakutupatia muuguzi?" Jolie aliuliza walipofika nyumbani.

"Wameona napona," Bibi akajibu upesi. Inès akainamisha macho.

Akina mama wa kanisa walikuja kweli. Walileta wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wakaimba, wakaomba, wakaaga. Hakuna aliyeufungua mguu. Inès ndiye aliyebadilisha bendeji kabla ya kwenda shule, mbio mbio, huku Bibi akisema, "Inatosha, mjukuu wangu, utachelewa." Kidonda kikaanza kunuka. Bibi akamkataza kumwambia mama yake, naye akanyamaza.

Alasiri moja alimkuta Bibi sakafuni, mwili unawaka homa, hamtambui. Akaita gari la wagonjwa. Hospitalini alimtafuta Naqiya, akasema, "Nilikudanganya. Mama wadogo hawapo. Mchana Bibi yuko peke yake."

Madaktari waliuokoa mguu, lakini vidole viwili walivikata.

Jolie alifika amevaa sare yake ya kazi, na Naqiya akamweleza yote. "Nawaogesha wazazi wa watu, Mama, na wewe unaoza nyumbani kwangu? Nawe Inès, ukanificha?"

"Usimgombeze mtoto," Bibi, fahamu zikiwa zimemrudia, akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Jolie akakaa kitandani, akamshika Inès mkono. "Wale waliokuja kuimba wanampenda Bibi, mwanangu. Lakini muuguzi hakuuliza nani anampenda. Aliuliza nani atamsafisha kidonda. Ukiificha shida yetu, atakayetusaidia ataionaje? Hata mtu mzima akikutuma uongo, njoo uniambie."

"Nami nilipaswa kumpigia mkalimani simu," akasema Naqiya. "Kutafsiri si kazi ya mtoto."

Safari hii mkalimani aliongea kwa simu, na Bibi akajibu kila swali. Bibi aliporudi nyumbani, muuguzi alikuja kila siku kumfunga mguu. Watu wa kanisa walimkuta pale, wakampisha, wala hawakusema lolote.

Mguu ulipopona, Bibi alimwita Inès. "Niandikie barua kwa Naqiya. Nilimwambia uongo nikiwa na akili zangu, na samahani niiombe nikiwa nazo."

Akasema polepole: "Mimi Godelive nina binti mmoja tu hapa Toronto, naye anafanya kazi. Niliona haya kusema. Mjukuu wangu alinitii mimi. Unisamehe."

Inès aliandika hayo kwa Kiingereza, akamsomea tena kwa Kiswahili. Bibi akatia sahihi kwa mkono mzito. Inès akaifunga bahasha, akabandika stempu, akashuka na lifti hadi kwenye sanduku jekundu la posta lililo nje ya ghorofa, akaitumbukiza.