Siku Panzi wa Chuma Walipotulia

Wingu lilipotanda tu, panzi wa chuma waliruka, na Singida ikalipuka kwa vigelegele. Walikuwa roboti wenye kimo cha kuku. Kila walipotua walichoma udongo na kuacha mbegu moja ya alizeti. Aliyewatuma ni Bongotabiri, akili bandia iliyosoma mawingu na unyevu wa ardhi, ikachagua saa ya kupanda kwa kila kijiji.

Na mkoa ule, jamani, ulikuwa umeteseka! Mwaka mmoja alizeti inafurika hadi vinu vinakosa pa kuiweka; mwaka unaofuata kuku wanatagia ndani ya vinu hivyo hivyo. Mhandisi Elinipa Hango alitaka jambo moja tu: mavuno yapande, yasianguke tena.

Katika kijiji kimoja tu panzi walikuwa wamesimama, nacho ni kwao Elinipa. Mume wa shangazi yake, mzee Msaghaa, alikuwa amefariki alfajiri, na pale jembe haligusi shamba mpaka maiti azikwe.

Elinipa aliingia msibani, akapiga magoti.

"Shangazi, pole. Nisamehe kwa ninalokuja nalo. Bongotabiri inasema tusipopanda kabla ya jua kuzama, kijiji kitakosa mvua hii."

Shangazi Mukhandi alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Hao wadudu wako wana majembe?"

"Hawana, shangazi."

"Basi wapande. Marehemu alichoka kuuza mbuzi kila alizeti ilipokauka."

Panzi wakapanda. Na mavuno yake, we acha tu! Njano ilifunika mkoa hadi macho yakachoka. Vinu vilikamua usiku na mchana, na walioidhihaki Bongotabiri wakawa wa kwanza kupanga foleni na madumu. Elinipa alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Dumu la kwanza alimpelekea shangazi.

"Hongera, mwanangu. Umetutoa kimasomaso," Shangazi Mukhandi alisema, akayanusa mafuta. Kisha akaliweka dumu chini. "Ila siku ile kaburi lilichimbwa na watu wanne. Wengine wote walikuwa shambani wakitazama panzi, hata wanakwaya. Nilibaki na maiti, nasikia mnashangilia."

Elinipa alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakishangilia.

Alirudi kituoni akaifundisha Bongotabiri kitu kipya: msiba. Kijiji kikifiwa, panzi wake watulie mpaka watu warudi kutoka makaburini.

"Utatuangusha, dada!" wenzake walimkemea. "Mvua haina matanga!"

"Mkoa ni mpana," alijibu. "Kijiji kimoja kikichelewa, vingine vitakibeba."

Kweli vilikibeba. Msimu uliofuata mkoa ulivuna kuliko miaka yote, na bwana Kitundu, mkuu wa kilimo, akaja kutoka Dodoma kutoa pongezi. Watu walijaa uwanjani, mchoro wa mavuno ukang'aa kwenye kioo kikubwa, kila kijiji na nguzo yake ndefu. Nguzo moja tu ilikuwa fupi.

"Mhandisi, kazi yako ni ya kutukuka," bwana Kitundu alisema, akiigusa nguzo ile. "Hii hitilafu nayo tutairekebisha lini?"

"Si hitilafu, mheshimiwa," Elinipa alisema. "Hapo tulikuwa tunamzika shangazi yangu. Kijiji kizima."