Nilimwambia Nesi Simjui Mama

“Wewe ndiye mwanawe?”

Sauti ya nesi ilitoka kwenye spika ya simu, ikajaa duka zima.

Mikono yangu ilikuwa imeshika pazia la mita tano na mdomoni nilikuwa na pini tatu. Ndiyo maana niliweka spika. Laiti ningejua!

“Kuna bibi hapa hospitali ya wilaya, wodi ya mifupa... Kaanguka bafuni, amevunjika nyonga. Namba yako katupa yeye. Anasema wewe ni mwanawe.”

Mbele yangu alikaa wifi yangu mtarajiwa, dada wa mchumba wangu. Alikuja kuchagua rangi ya mapazia ya sebuleni kwake. Akainua macho.

Nikatoa pini mdomoni, moja moja.

“Umekosea namba, dada. Huyo bibi simjui.”

Nikakata.

“Nani huyo?” wifi akauliza.

“Sijui hata. Watu siku hizi hawaangalii namba wanazopiga.”

Halafu nikacheka. Jamani, NILICHEKA!

Najua mtanichamba kwenye koment. Nichambeni tu, nimestahili. Ila nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Yule bibi hakunizaa. Ni mama mkwe wangu. Tena ngoja niseme ilivyo: ni mama wa mwanaume aliyeniacha.

Miaka sita nyuma, mume wangu aliondoka na begi moja akahamia kwa mwanamke mwingine. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Wiki mbili baadaye mlango ukagongwa. Nafungua... mama yake!

Nikajua kaja kubeba vitu vya mwanawe.

“Mwanangu kakosa,” akasema, bado kasimama kizingitini. “Sijaja kumtetea. Nimekuja kumsaidia mama wa mjukuu wangu. Ukinikatalia nitakuelewa.”

Sikuwa na nguvu hata ya kukataa. Mwezi ule mzima sikuwa naoga mpaka yeye aninyanyue kitandani, anipeleke, animwagie maji kama mtoto. Hakunihubiria. Alikuwa ananisugua mgongo huku ananisimulia umbea wa jirani zake wa zamani, mpaka siku moja nikajikuta nauliza, “Ikawaje?”

Ndivyo nilivyorudi duniani.

Binti yangu alimbeba yeye mgongoni ili mimi nikajifunze kushona mapazia. Nilipofungua duka, pindo za mapazia ya kwanza zote alizishona yeye kwa mkono, maana cherehani ilikuwa moja. Mimi nikamwita Mama. Binti akamwita Bibi. Tukawa watatu, maisha yakaenda.

Lakini watu nao!

“Hivi bado unakaa na mama wa eks wako? Shoga, umelogwa!”

“Mwanawe kala kona, wewe umebaki kumtunzia mama!”

Nilikuwa nacheka nao. Ila nikirudi nyumbani, maneno yale yananikereketa kama uzi uliobaki kwenye kola.

Na kazi yangu haikunisaidia. Kupima madirisha ni kuingia majumbani mwa watu. Kila sebule nakutana na picha ukutani: baba, mama, watoto wawili, wote wamevaa sare. Najifanya napima dirisha, kumbe macho yako kwenye picha. Nikawa najiuliza, kwangu ningetundika nini? Mimi, mtoto, na mama wa mtu aliyenikimbia?

Huko huko kazini nikakutana na mchumba wangu. Ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, mafundi wenzake wanamwita Vioo. Yeye analiweka dirisha, mimi nalivisha. Mtu mpole, haongei sana. Akazoea kuja kula kwetu Jumapili mchana.

Jumapili moja, chakula kimeisha, akaniambia kwa sauti ya chini:

“Mimi sina makuu. Nataka familia ya kawaida tu.”

Sikumuuliza kawaida ndiyo ipi. Nilijijibu mwenyewe. Baba, mama, mtoto. Basi!

Wiki ile ile nikatafuta chumba mtaa wa tatu kutoka kwetu.

“Mama,” nikamwambia, “nyumba itapigwa rangi kabla ya harusi. Na wewe una kifua. Ukae pale wiki mbili tu.”

“Sawa, mwanangu.”

Hakuuliza swali hata moja.

Bafu la kile chumba lilikuwa la vigae, sakafu inateleza kama imepakwa sabuni. Niliona. Mguu wangu mwenyewe uliteleza siku nakwenda kuangalia. Nikanyamaza, maana vyumba vingine vilikuwa mbali na niliitaka shughuli iishe haraka.

Vioo nikamdanganya, “Mama kaamua kurudi kwa ndugu zake.”

Binti yangu nikamwambia, “Bibi kaenda kupumzika.”

Akagoma kusukwa na mimi, kazoea mkono wa bibi yake. Siku nne mtoto anaenda shule na nywele timutimu! Nikasema ni utoto, utaisha.

Siku ya tano ndiyo nesi akapiga.

Baada ya kukata simu, wifi alikaa nusu saa nzima akilinganisha rangi ya krimu na rangi ya kahawia. Nusu saa! Mimi naitikia “inapendeza, inapendeza.” Nikakata pazia la mteja fupi kwa shubiri nzima. Sikujali. Nilikuwa namwona yule mama kwenye sakafu ya bafu, kisha wodini, anamwambia nesi namba yangu kwa kichwa. Maana simu haikutoka kwenye namba yake, wapendwa. Namba ya mwanawe wa kumzaa hajawahi kuishika. Yangu aliishika.

Wifi alipotoka tu, nikafunga duka, nikapanda bodaboda.

Wodi ya mifupa ghorofa ya pili. Nikafika mezani kwa nesi nahema.

“Kuna bibi... kaanguka bafuni...”

“Huyo? Mkwe wake ameshafika.”

Mkwe? Mkwe gani? Mkwe wake si ni mimi?

Nikasogeza pazia la kitanda...

VIOO!

Amekaa kwenye stuli, kamshikia Mama kikombe cha maji, na mrija wake ndani. Kumbe dada yake alimpigia njiani kumsimulia kama kichekesho: “Leo wamempigia wifi kutoka hospitali ya wilaya, eti kuna bibi kavunjika nyonga, anasema wifi ni mwanawe!” Yeye hakucheka. Alikuwa kazini jirani na hospitali, akakata simu akaja moja kwa moja.

Hakunitazama.

Mama ndiye aliyeniona.

“Mbona umefunga duka mapema? Wateja je?”

Wapendwa... mtu kavunjika nyonga, ananiulizia wateja wangu!

Nikainamia kitanda. “Mama, nisamehe. Nilidanganya. Hakuna rangi...”

“Najua.”

“Unajua?”

“Tangu siku ile. Mtu hapelekwi kupisha rangi na sufuria zake zote.”

“Sasa mbona hukusema kitu?”

Akapangusa shuka kwa kiganja, taratibu.

“Ningesema nini, mwanangu? Kwako nilikuja bila kuitwa.”

Nililia mpaka nesi akaniomba nitoke nje. Vioo akanifuata koridoni. Nikadhani anakuja kunibembeleza.

“Nani alikwambia simtaki?” akauliza.

“Wewe si ulisema unataka familia ya kawaida...”

“Nilisema nikiwa nimekaa mezani kwenu!” Sijawahi kumsikia akipaza sauti. “Mama anamtolea mtoto miba ya samaki. Mtoto anamsomea Mama meseji zake. Wewe umesinzia kwenye kiti kwa uchovu, mtu kaja kukufunika shuka. Nikasema nataka HIYO! Sisi kwetu baba alikuwepo, mama alikuwepo, na kila mtu alikula chumbani kwake.”



Yeye akapoa, ndipo akasema lile ambalo silisahau:

“Siku nikianguka mimi, utamwambia nesi nini?”

Akashuka ngazi. Mimi nikabaki koridoni.

Hatukugombana tena. Wala hatukuachana kwa kelele. Siku ya harusi ilifika ikapita kama Jumamosi zingine, mimi nikiwa dukani nafumua nyuzi. Vioo tukikutana kwenye kazi ananisalimia vizuri, kama anavyomsalimia fundi bomba.

Mama alifanyiwa upasuaji, akakaa wodini wiki tatu. Nilimwogesha mimi kila siku. Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimeshamtandikia kitanda nyumbani.

Akakataa.

“Nitakuwa nakuja kuwaona,” akaniambia. “Ila kuishi, hapana. Siyo hasira, mwanangu. Ni kwamba sasa nikikaa kwako nitakuwa nahesabu siku.”

Hapo ndipo niliumia kuliko mahali popote. Kusamehewa, nilisamehewa siku ile ile. Lakini ule usingizi wa mtu anayelala akijua yuko kwake... ule niliuvunja, na hakuna daktari wa kuuunga.

Nilimtafutia chumba kingine, kikavu, chini, hakina ngazi. Binti yangu alipaki nguo zake mwenyewe. Siku za shule anakaa kwa bibi yake, Ijumaa ananiletea nguo nifue. Ana miaka tisa na hajawahi kuniambia neno baya. Nywele zake zimesukwa vizuri.

Hii ni miezi minane sasa. Sina wa kumsingizia. Hakuna aliyeniambia nimtoe, si Vioo, si wifi, si majirani na midomo yao. Nilimtoa mwenyewe, nikimpisha mtu ambaye hakuomba nafasi.

Wewe unayenisoma, kama kuna mtu kwako ambaye hayumo kwenye cheti chochote, si wa damu, si wa ndoa, lakini ndiye anayejua unaumwa kabla hujasema... mwambie ni nani kwako. Mwambie leo, tena mbele za watu.

Mimi sasa namwambia kila siku ninapompelekea chakula cha mchana.

“Wewe ni mama yangu.”

“Najua, mwanangu,” ananiitikia. Kisha ananiuliza habari za duka.