Mkwe Jikoni Tarehe Nane

Walikutana sokoni Tukuyu, asubuhi moja ya Januari, pale Lukasi alipokanyaga kitenge kipya kwa buti lililojaa tope.

"We kaka, hicho ni kitenge, si zulia!" Atuganile alimkemea.

"Samahani, dada. Nitakifua."

"Wewe? Ukifue?"

Akakifua kweli, akakirudisha kimepigwa pasi. Ndipo Atuganile, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alipoanza kulegea. Lukasi alikuwa bwana shamba wa maparachichi, mzaliwa wa Morogoro, aliyesoma Urusi miaka mitano. Kufikia Machi barua yake ya posa ilikuwa imeshafika kijijini Kisondela, na mama yake Atuganile alikuwa amesema neno moja tu: "Nitajibu."

Sasa ilikuwa tarehe nane, Siku ya Wanawake. Atuganile alisimama mbele ya safu ya waandamanaji mjini Tukuyu, gauni la zambarau alilolishona mwenyewe likimkaa kama kaumbwa nalo, kilemba juu, ukungu ukimlowesha kope. Lukasi alitakiwa amlete mama aje amwone bintiye akibeba bango. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kisondela, malkia wangu."

"Mpaka sasa? Mama hajawa tayari?"

"Amepumzika. Mimi napika."

"Unapika wapi?"

"Jikoni kwake. Leo si siku yenu? Urusi siku hii mwanamke hagusi sufuria."

"Lukasi! Mama yangu umemweka wapi?"

"Nje, kwenye kigoda. Ila haongei."

Atuganile akamsukumia bango Doreen, fundi mwenzake, akarukia bodaboda. Njia nzima alisonya, mpaka dereva akauliza amekosa nini.

Uani kwao palikuwa pamejaa. Mama aliketi kigodani, shavu kiganjani, kalipa jiko mgongo. Majirani waliingia mmoja mmoja, kanga viunoni, kuni na mikungu ya ndizi vichwani, nyuso zimewasawajika. Pale kijijini mwanamke mzima wa afya hatolewi jikoni kwake ila kafiwa.

"Nani katutoka, mwanangu?" bibi Esnath alinong'ona.

"Hakuna aliyefariki, bibi!"

"Sasa huyo mwanamume jikoni anafanya nini?"

Lukasi akatokeza, macho mekundu kwa moshi, kanga ya mama mkwe kiunoni. "Karibuni! Bado kidogo tu."

"Toka humo!" Atuganile alifoka. "Nilikwambia umlete mama uwanjani. Umlete! Neno gumu hapo ni lipi?"

"Lakini Atu, ninyi mnaandamana asubuhi, mchana mnawapikia wageni rasmi. Siku yenu, jasho lenu. Nikadhani..."

"Usidhani! Uliza!"

Lukasi akainamisha kichwa. "Kule kila tarehe nane tuliwapikia akina mama waliotusafishia bweni. Nikawa najiambia, nikirudi nyumbani nitampikia wangu. Nikarudi, nikakuta kaburi."

Atuganile akamfunga upya ile kanga iliyokuwa ikimdondoka, huku akisonya.

Mama akainuka. Akaingia jikoni, akafunua chungu, akaonja.

"Gwe Lukasi."

"Naam, mama."

"Ndizi mbichi. Chumvi hakuna. Na moto umeuua." Akakisogeza kigoda kando ya mafiga. "Kaa. Pulizia."

Akina mama wakatazamana. Mume wa nyumba ile, hadi anazikwa, hakuwahi kuketi pale.

"Na jibu la barua, mama?" Atuganile alishindwa kuvumilia. "Wiki mbili sasa!"

"Una haraka kama mvua ya Rungwe." Mama alikoroga bila kugeuka. "Mwakani siku kama hii akampikie mkewe. Kwake. Jiko langu aniachie."

Vigelegele vikapasuka. Kuni zilizoletwa kwa ajili ya msiba zikachochewa, ndizi za rambirambi zikamenywa, mfiwa asiyefiwa akawa mwenye sherehe.

Lukasi akamletea Atuganile sahani ya kile chungu chake cha kwanza. Atuganile aliketi kizingitini na gauni lake la zambarau lililorukiwa tope, akatafuna kipande kigumu, kanuna.

"Tamu, malkia?"

"Mbaya kabisa," akajibu, kisha akanyoosha sahani aongezewe.