Papa Maulidi Alisalimia Akipanda Tu

Mtaani kwao Butembo, hakuna mtu aliyesalimia watu kama Papa Maulidi. Kutoka nyumbani kwake hadi msikitini ni mlima mtupu, na kando ya njia kuna malango sita. Kila asubuhi alisimama kwenye kila lango.

Kwenye lango la kwanza aliuliza habari za mbuzi. Kwenye lango la pili alimkuta Mama Vagheni, muuza makaa, akipanga mifuko yake. Kwake aliuliza habari za watoto wote saba, mmoja mmoja, kwa majina.

"Na Bénie? Kikohozi yake iliisha?"

Mama Vagheni alijibu kwa urefu. Papa Maulidi alitikisa kichwa, akasema "vizuri, vizuri", kisha akapanda hadi lango la tatu.

"Ule Papa iko na heshima," watu walisema.

Papa Maulidi alizipokea sifa hizo, lakini moyoni aliona haya. Alijua kwamba hasimami ili asalimie. Alisimama kwa sababu pumzi ilimwishia. Kifua kilimbana, masikio yakajaa mapigo ya moyo wake mwenyewe, na majibu ya watu hakuyasikia hata kidogo. Pumzi ikirudi mapema, aliuliza watoto tu. Ikichelewa, aliuliza na kuku.

Alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka arobaini aliendesha lori lake la Fuso, akibeba viazi na maharage kutoka Luofu. Injini ikiwa na ugonjwa, yeye aliusikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Ugonjwa wake mwenyewe aliusikia pia, akanyamaza.

Aliyemkamata ni Marie-Jeanne wa lango la nne. Huyu ni mama Mkatoliki, muuguzi wa kituo cha afya. Asubuhi moja, Papa Maulidi akishuka kutoka msikitini, alimsimamisha.

"Papa Maulidi, minaomba nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Ukipanda, unanisalimiaka mpaka na kuku yangu. Ukishuka, unapitaka tu mbio. Juu ya nini?"

Papa Maulidi akacheka. "Kwa kushuka, mlima inanisukuma, mama."

Marie-Jeanne hakucheka. "Na juzi, Mama Vagheni alikukuta chini kwa lango yake. Aliniambia. Uliteleza kweli?"

Papa Maulidi akatazama viatu vyake. Hakuteleza. Giza lilimwingia machoni, na alipozinduka alikuwa ameanguka kwenye vumbi la makaa.

"Hapana ambia mtoto yangu Hadjara," akasema kwa sauti ndogo.

"Kesho utakuja kwa centre. Kama hapana, nitamuambia miye mwenyewe."

Kesho yake alikwenda kituoni, na Hadjara, aliyekwisha kushuku, akamfuata. Hadjara ni binti yake, anauza vitenge sokoni na anaishi naye. Marie-Jeanne aliweka chombo cha kusikilizia kwenye kifua cha mzee. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kuna makelele," akasema. "Damu inapita kwa nguvu mu kipito kidogo."

"Ni uzee, mama," Hadjara akasema. "Bazee bote banachoka."

"Hapana, dada. Uzee inapunguza mwendo. Haiangushe mutu chini. Mutu akikosa pumzi kwa kupanda, akibanwa na kifua, akianguka ovyo, inafaa apimwe moyo. Hata akiwa na miaka mia."

Hadjara akatoa pakiti ya vidonge mkobani. "Mais kuna hii. Jirani alinipatia. Ni ya presha. Alianza kuimeza wiki iliyopita."

"Na alianguka wiki hii hii."

Hadjara akahesabu siku kichwani. Akaisukuma pakiti mbali naye.

"Usimupe tena," Marie-Jeanne akasema polepole. "Hukujua, dada. Mais mutu wa ugonjwa kama hii, presha ikishuka gafula, anaweza kufa. Dawa ya jirani ni ya jirani."

Akawaandikia barua ya kwenda kwa Docteur Kambere, daktari mwenye mashine inayoonyesha moyo ukifanya kazi. Docteur Kambere akampaka mzee mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa juu yake, na moyo ukaonekana kwenye kioo.

"Papa, moyo iko na milango. Tunaita valve. Hii ya mwisho inatoa damu kwa mwili muzima. Inafunguka, damu inatoka. Inafunga, damu hairudi."

"Kama soupape ya moteur," akasema mzee, akiikumbuka injini ya Fuso.

"Ni ile ile. Yako imekuwa ngumu, imeshika kama chokaa. Angalia, inafunguka kidogo tu. Moyo inasukuma, inachoka, na damu ya kutosha haifike kwa kichwa."

"Unipatie dawa, basi."

"Dawa inasaidia pumzi kidogo. Haifungue mlango. Inafaa mlango mupya. Kama tunaacha hivi, Papa, sitakudanganya. Batu bengi habamalize miaka mbili."

Papa Maulidi akavaa kofia yake.

"Docteur, minajua moteur. Moteur ikishafunguliwa, hairudiake sawa. Miye sifunguliwe. Nitaenda kwa Mungu na moteur yangu vile ilitoka kwa usine, kwa kiwanda."

Hadjara akalia hapohapo, mbele ya daktari, bila kujificha.

Docteur Kambere akavuta kiti karibu. "Papa, nani alisema tutakufungua? Kuna njia ya kupasua kifua, ndiyo, na kuna bagonjwa inabafaa. Mais kuna ingine. Banapitisha mupira mwembamba mu mushipa ya paja. Inapanda polepole mpaka kwa moyo. Kwa ncha yake kuna valve mupya, imekunjwa. Ikifika mu ile ya zamani, inafunguka, inasukuma ile mbovu kwa kando, inakaa pale. Kifua habaguse."

Papa Maulidi akafikiri. Vidole vyake vikachora kitu hewani, kama zamani alipowafundisha mafundi wake.

"Donc soupape inaingilia kwa échappement."

Yaani, kwa bomba la kutolea moshi. Daktari akacheka hadi machozi. "Ndiyo, Papa. Kabisa."

"Na valve yenyewe inatengenezwa na nini?"

"Na nyama laini ya munyama, ndani ya waya."

Uso wa mzee ukakunjamana. "Munyama gani?"

"Kuna ya ng'ombe. Nitaiandika kwa barua."

"Hatari haiko?"

"Iko. Damu inaweza kutoka sana. Mutu anaweza kupata kiharusi. Bengine moyo yao inaomba kamashine ka kusaidia mapigo. Na haifae kila mutu. Kwanza banapima mishipa na scanner. Hapa kwetu hii matibabu haiyafika. Utaenda Nairobi, na bei yake ni kubwa."

Walirudi nyumbani. Kwenye lango la pili Papa Maulidi akasimama, kama kawaida yake, akaanza kutaja watoto. Alitaja wanne, pumzi ikakatika. Mama Vagheni alikuwa anamjibu kwa furaha, na yeye hakusikia neno. Akamtazama yule mama, na aibu ikamshika. Miaka miwili alikuwa akipumulia majina ya watoto wa watu.

Akamgeukia Hadjara. "Tafuta mutu wa kununua Fuso."

Fuso iliuzwa. Haikutosha. Ndugu wa msikitini wakaongeza, na watu wa malango sita wakaongeza pia, Wakatoliki na Waislamu. Hadjara na baba yake wakalala Beni, mtaa wa Mulekera, kwa ndugu yao Sofia, wakangoja msafara wa magari wenye ulinzi wa askari. Kisha wakavuka mpaka wa Uganda pale Kasindi, wakasafiri hadi Nairobi.

Huko madaktari walimpima siku mbili. Mishipa ilifaa. Siku ya tatu walimchoma sindano ya ganzi kwenye paja na dawa ya kumtuliza. Hakulala kabisa. Alisikia madaktari wakisemezana kwa Kiswahili cha kwao, na mapigo ya moyo wake yakikimbia. Akapiga moyo konde, akataja jina la Mungu. Saa mbili hazikutimia, wakamwambia kwamba imekwisha.

Kesho yake alitembea ukumbini, kutoka mwisho hadi mwisho. Alipofika, alisubiri pumzi imwishie. Haikumwishia. Akalia, na muuguzi akadhani anaumwa.

Alirudi Butembo na karatasi ya masharti. Kidonge cha kila siku, asiache. Asafishe meno vizuri, na kabla ya kung'olewa jino amwambie daktari kwamba ana valve mpya. Kila mwaka apimwe tena kwenye mashine ya Docteur Kambere. Hadjara aliibandika karatasi mlangoni.

Asubuhi ya kwanza Papa Maulidi alipanda mlima. Akalipita lango la kwanza, la pili, la tatu. Akafika msikitini kabla ya wote, akajiona kijana. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile.

Siku ya nne Mama Vagheni akaja kwa Hadjara, kanga ameifunga kwa hasira.

"Papa yako tulimukosea nini? Tangu arudi, anatupita tu kama hatumujui!"

Hadjara akacheka hadi akashika mbavu, kisha akamweleza yote. Papa Maulidi alikuwa chumbani, akayasikia. Hakucheka.

Asubuhi iliyofuata akapanda moja kwa moja. Akaswali. Akishuka, mlima ukimsukuma, akasimama kwenye lango la pili. Mama Vagheni akashtuka, akaweka mfuko chini.

"Papa! Umechoka tena? Niite Marie-Jeanne?"

"Hapana, mama. Sichoke. Minataka tu kujua. Kikohozi ya Bénie iliisha?"

"Bénie?" Mama Vagheni akamkazia macho. "Papa, Bénie alishaolewa kule Mabalako! Tangu mwaka jana! Nilikuambia mara tatu, hapa hapa!"

Papa Maulidi akavua kofia, akakaa kwenye jiwe lililo kando ya lango.

"Nielezee tena, mama," akasema. "Sasa nitasikia."