Verlie Hakoromi

Kila jioni Alcide Guidroz alipika, na mkewe Verlie alisinzia mezani akisubiri chakula. Verlie aliendesha basi la shule. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kunyamazisha basi zima kwa neno moja. Lakini siku hizi magoti yalimuuma, na usingizi ulimvamia popote. Alisinzia kanisani. Alisinzia katikati ya mazungumzo. Siku moja alisinzia kwenye taa nyekundu, watoto wakamwamsha kwa kuimba.

"Leo ilikuwa taa," alimwambia mumewe. "Kesho itakuwa barabarani, Alcide. Na mle ndani mna watoto wa watu."

Daktari alimshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Verlie alikuwa amejaribu kila njia nyingine kwa miaka mingi, basi akakubali. Lakini kampuni ya bima ilikataa kulipia. Ilisema kipimo chake cha uzito kwa urefu lazima kifike arobaini. Cha Verlie kilikuwa thelathini na tisa.

"Sasa maana yake nini?" Alcide aliuliza.

"Maana yake mimi ni mwembamba!" Verlie aliangua kicheko. Kisha kicheko kikageuka kilio. "Maisha yangu yote naambiwa nimezidi. Leo nimepungua! Ratili sita!"

Alcide alijifunga aproni. Huku Louisiana ya kusini, mtu hakati tamaa kabla ya kutia chungu jikoni.

"Ratili sita?" alisema. "Mpenzi, hizo ni kazi ya Jumapili moja."

Akapika gumbo, mchuzi mzito wa kuku na soseji, akaumwaga juu ya wali. Akachemsha ndoo ya kamba wa matopeni. Asubuhi akakaanga maandazi, akayafunika kwa sukari ya unga hadi yakafanana na vilima vya chumvi. Verlie alikula. Mwanzoni alikula kwa furaha, baadaye kwa wajibu, mwishowe kwa uchungu. Tumbo likavimba. Magoti yakalia zaidi. Viatu vya kazini vikakataa kuingia. Na mizani ilipanda ratili mbili tu.

"Siwezi tena," Verlie alisema. "Nikiona andazi lingine nitalipiga teke."

"Basi pumzika. Zilizobaki niachie mimi."

Alcide akaleta sanduku lake la uvuvi. Akatoa chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha ndoana, akaanza kuvishona ndani ya pindo la sketi ya mkewe. Kesho Verlie angepimwa tena.

Wakiwa katika kazi hiyo, jirani yao Twyla Fuselier aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, na bakuli la tini. Twyla alikuwa muuguzi katika kliniki hiyohiyo ya upasuaji wa uzito.

"Hodi hapa! Verlie, shoga yangu, umevaa nini?"

"Sketi," Verlie alijibu, akageuka kumpokea bakuli.

Pindo likaachia. Chubwi zikamwagika sakafuni, zikatawanyika kama gololi. Moja ilikwenda kusimama kwenye kiatu cha Twyla. Akaiokota, akaitazama, kisha akamtazama Alcide.

"Shemeji, unataka kumvua mkeo kama samaki?"

Alcide aliinama kuokota nyingine. Verlie ndiye aliyeeleza yote. Twyla alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavuta kiti.

"Kwanza, hizi zirudi kwenye sanduku," alisema. "Kuidanganya bima kunaweza kukunyima kila kitu. Tena uzito si wa bima peke yake. Daktari wa nusukaputi hutazama uzito anapopanga dawa zako. Unataka apangie dawa vyuma vya Alcide?"

"Hapana," alisema Verlie.

"Pili, acheni kulazimisha chakula. Mtu anayejiandaa kwa upasuaji huu hatakiwi kunenepa. Bima nyingi zikiona uzito unapanda katika miezi ya maandalizi, zinasema mtu huyu hayuko tayari. Sisi kliniki humwomba mgonjwa apungue kidogo, ili ini lisinyae na mpasuaji apate nafasi."

Alcide aliketi taratibu. "Kumbe nimekuwa nikimharibia."

"Ulitaka kusaidia, shemeji. Lakini kuna mlango wa pili, na sijui kwa nini hamkuupitia. Mwenye kipimo cha thelathini na tano na zaidi anaweza kukubaliwa, kama ana ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na uzito. Kisukari. Presha. Pumzi kukatika usingizini."

"Sukari yangu nzuri, presha nzuri," Verlie alisema. "Na usingizi daktari aliuliza. Alcide alikuwepo. Akamwambia sikoromi."

Twyla akageuka polepole. "Alcide. Ulimwambia daktari kwamba Verlie hakoromi?"

"Verlie hakoromi," alisema Alcide, akitazama dari.

"Mimi nalala ng'ambo ya ua, na madirisha nimefunga! Mwaka wa kwanza nilidhani ni injini ya mashua yako. Mbwa wangu humjibu!"

"Mimi?" Verlie alishika kifua. "Nakoroma?"

Alcide alikuwa mwekundu kama kamba aliyeiva. Baba yake alimfundisha tangu utotoni kwamba muungwana hasimulii pua ya mkewe. Neno hilo alilishika katika ndoa yake yote, hata mbele ya daktari.

"Kidogo," alisema.

"Alcide!"

"Sana." Kisha sauti yake ikashuka. "Na kuna wakati unanyamaza kabisa. Pumzi inakatika. Nakutazama, nasubiri. Nikiona kimya kimezidi nakusukuma bega, unavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini."

"Na asubuhi nikikuuliza kwa nini ulinisukuma?"

"Nasema niliota."

Verlie alitaka kukasirika. Alimtazama mumewe, macho yake mekundu ya kukosa usingizi, hasira ikakosa pa kukaa.

"Ungeniambia, mpumbavu wangu," alisema kwa upole.

"Ndiyo sababu anasinzia kwenye taa," alisema Twyla. "Ubongo wake haupumziki. Mlalaji hajisikii mwenyewe. Asiposema aliye kando yake, daktari atajuaje?"

Siku iliyofuata Verlie alipimwa bila chubwi. Alcide alimweleza daktari kila kitu, hata akaigiza mkoromo wenyewe, hadi wagonjwa wa chumba cha nje wakachungulia. Verlie akapelekwa kupimwa usingizi, ikathibitika kwamba pumzi yake hukatika. Akapewa mashine ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala. Kabla mwezi haujaisha, usingizi wa mchana ulikuwa umemtoka, na watoto wa basi walilalamika kwamba sasa anaona kila kitu.

Alcide naye alibadili chungu. Gumbo alipika, lakini kwa bakuli dogo, wali kijiko kimoja. Verlie akapungua kidogo kidogo. Kliniki ikapeleka maombi mapya, pamoja na majibu ya kipimo cha usingizi. Bima ikakubali. Upasuaji ukaenda salama.

Msimu uliofuata, Verlie alipanda ngazi za basi bila kushika chuma. Adhuhuri moja alikaa na mumewe uani, mbele yake sahani ndogo.

"Alcide," alisema. "Kuna jambo gani jingine umenificha kwa uungwana?"

Alcide alifikiri. Alikuwa ameahidi kusema kweli.

"Ile saladi yako ya viazi..."

"Usithubutu!"

"Mwambie, shemeji!" Twyla alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Mwambie sote tupone!"